Nyumba Saba za Mzee Yonazi

"Salamu ndefu, pumzi fupi." Mmelisikia neno hilo leo kule gengeni, mmecheka njia nzima, na sasa mnaniuliza mimi limetoka wapi. Haya, kaeni. Kila mmoja achukue kisu na kipande chake cha tangawizi akwangue, maana masikio yakifanya kazi mikono haizuiwi. Nitawaeleza, ila msitegemee kucheka tena. Methali nyingine zimetoka kwa wahenga ambao hata majina yao hatuyajui. Hii imezaliwa hapa hapa Mtunguja, nywele zangu zikiwa bado nyeusi, na mtu aliyeitamka mara ya kwanza nilikuwa nimeketi naye mkeka mmoja.

Ilianza hivi. Wakati ule barabara ya magari iliishia chini, kwenye ghala la tangawizi. Zahanati ilikuwa chini huko huko. Kutoka ghalani kuja huku juu kila mtu alipanda kwa miguu yake, awe tajiri au maskini, na njia yenyewe mnaijua, ukiteleza hapo unajikuta kwa jirani wa chini. Kando ya njia hiyo zilikuwapo nyumba saba. Ya kwanza kutoka chini ilikuwa ya Mama Elipokea, mshona nguo. Hii yangu ilikuwa ya tano. Ukishazipita zote saba, juu kabisa, ndiko alikokaa Mzee Yonazi na mkewe Naelijwa.

Yonazi alikuwa rafiki wa babu yenu tangu ujana wao, ndiyo maana mimi nilimwita shemeji. Katika ujana wake alikuwa mchukuzi wa magunia. Alishusha gunia la tangawizi mgongoni mpaka ghalani, akapandisha mfuko wa saruji, na hakuutua mpaka afike. Tena alipanda akipiga mluzi. Sisi wasichana tuliokuwa mashambani tukisikia mluzi tulijua Yonazi anapita, na wengine walikuwa na sababu zao za kuinua vichwa. Simtaji mtu.

Alipokuwa mtu mzima aliacha magunia, akawa mshenga. Ulimi wake ulikuwa mtamu na alijua kungoja, na mshenga asiyejua kungoja ni tarishi tu. Aliunganisha ndoa ishirini na tatu. Moja tu ilivunjika, na hiyo alisema kosa lilikuwa la ng'ombe wa mahari. Watu walimheshimu, na heshima ya mshenga kwetu ni sahani. Akiingia nyumba ya mwanamke, sahani ya kwanza ni yake, na lile pande la nyama lenye mafuta mengi ni lake, na kibuyu cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa, hufunguliwa mbele yake. Akikataa chakula amekataa binti. Basi Yonazi alikula kwa ajili ya ndoa za watu, miaka nenda miaka rudi. Na kwa kuwa hakuona ladha mahali pasipo na chumvi nyingi, alitembea na chumvi yake kwenye kikaratasi, mfuko wa shati. Mfuko wa pili ulikuwa wa tumbaku.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kama miaka mitano kabla ya hayo nitakayowasimulia, Mzee Yonazi alianza kupendwa zaidi ya zamani. Sababu yake ni salamu. Zamani alikuwa akipita tu na mluzi wake. Sasa akawa anasimama. Anashika nguzo ya baraza, anauliza. Hamjambo hapa? Habari za tangu juzi? Mzee wa nyumba? Watoto? Ng'ombe ameshazaa? Lile goti limetulia? Na kila jibu alilingoja mpaka mwisho, hakuharakisha mtu. Wanawake wa njia hii tulikuwa tunasemeshwa na watu wenye haraka maisha yetu yote, waume zetu wakiwa wa kwanza. Kumpata mwanamume mzima anayesimama kusikiliza habari za mbuzi wako lilikuwa jambo kubwa. Tulimtolea vigoda. Mimi nikimwona anachomoza pale kwenye kona nilikuwa nabandika chai, nikaitia sukari vijiko vinne, nikajiona mwema.

Aliyekuwa halifurahii jambo hilo ni Naelijwa. Mumewe alishuka ghalani asubuhi, akarudi alasiri, safari ya saa moja imekula nusu ya siku. Alinilalamikia mimi mwenyewe kisimani. "Mume wangu amekuwa mtu wa baraza za watu. Kwangu anafika maneno yamemwishia." Mimi nikamtania, nikamwambia ashukuru, wenzake waume zao wanaishia kilabuni. Naelijwa hakucheka.

Wakati huo mwanangu Sefue, baba yenu, alikuwa amempata binti wa Mzee Kadeghe, kule Ikongo, ng'ambo ya msitu. Babu yenu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo nilimwendea Yonazi anishikie posa. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Alikwenda mara ya kwanza na ya pili peke yake. Mara ya tatu, kwa desturi ya ukoo huu, mama wa kijana hufuatana na mshenga akaione nyumba atakakotoka mkwewe. Tukaondoka wawili, asubuhi ya ukungu.

Kwenda Ikongo, ukishaipita nyumba ya Yonazi unafika kwenye chemchemi, halafu unaingia msitu wa serikali. Humo hamna nyumba hata moja, na kilima ni kikali kuliko hiki cha kwetu. Tulikuwa tumesalimiana nyumbani kwake, tukasalimiana tena pale chemchemi, nikaona ni uchangamfu wake. Tumeingia msituni hatua kama mia, akasimama, akashika mti.

"Shemeji, sijakuuliza. Sefue anaendeleaje huko kazini?"

Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri. Tukapanda kidogo. Akasimama tena. "Na yule mbuzi aliyevunjika pembe?" Nikamjibu mbuzi amepona. Tukaenda hatua ishirini, pengine hazikutimia. Akasimama mara ya tatu, akanigeukia, akasema, "Habari za tangu asubuhi, shemeji?"

Nilianza kucheka. Kisha kicheko kikaniishia mdomoni, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimtazama. Miaka mitano alikuwa akisimama barazani kwangu na sikuwahi kumtazama, nilikuwa nafurahia kuulizwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kola ya shati ilikuwa imelowa jasho na sisi tumo ndani ya ukungu. Viatu vilikuwa havijafungwa kamba, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, haiingii.

"Shemeji," nikamwambia, "umenisalimia nyumbani, umenisalimia chemchemi. Hapa hamna nyumba wala baraza. Unamsalimia nani?"

"Kusalimia nako kumekuwa kosa?"

"Si kosa. Sasa nijibu wewe. Hujambo?"

"Sijambo."

"Sikukuuliza kwa adabu. Nakuuliza tena. Hujambo?"

Kifua kikawa kinapanda na kushuka. Nikaisikia pumzi yake, fupi, inayokatika katikati. Kisha akajiachia akaketi juu ya mzizi wa mti, kofia mkononi.

"Sijui," akasema. "Kila siku nauliza watu kama hawajambo. Mimi nilikuwa najibu tu."

Nikaketi naye. Akaanza kunihesabia, taratibu, huku akipumzika kati ya maneno. Mwaka wa kwanza alijikuta hawezi kupanda mpaka kwake bila kusimama. Akasimama nyumba ya sita, mara moja tu, akamsalimia mwenyewe. Aliona aibu mchukuzi mzima kutweta njiani kama mgeni wa mjini, na salamu ikaificha aibu. Mwaka uliofuata akaongeza nyumba ya tatu. Kisha ya tano, kwangu. Kisha ya pili. Mpaka mwaka ule tulipokuwa, alikuwa anasimama zote saba, hata kwa Mama Elipokea, ambako ni hatua hamsini tu kutoka ghalani.

"Watu wakaanza kusema Yonazi anapenda watu," akaniambia. "Nikaona ni sifa nzuri. Nikaichukua, nikaiamini mwenyewe."

"Naelijwa anajua?"

"Naelijwa anampokea mtu aliyekwisha kupumzika kwa jirani. Usiku nalala nimeketi. Nimemwambia nasikiliza mbwa."

Nilitaka turudi. Akakataa, kwa sababu mshenga akigeuza njiani posa imeghairiwa, na hakutaka kumharibia Sefue. Basi tukapatana kwamba tutafika, ila akichoka aseme amechoka. Hakuna kumwulizia mbuzi. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Mtu yule alikuwa na maneno ya kila namna kinywani, na neno "nimechoka" lilimtoka kwa shida kuliko yote. Alilisema mara ya kwanza akitazama chini. Mara ya pili alinitazama usoni. Tulipumzika mara kumi na moja, tukafika Ikongo jua likiwa la utosi, na posa ikapokelewa.

Kesho yake alimweleza mkewe kila kitu, wakashuka wote wawili zahanati. Tabibu alikuwa kijana mpole. Alimpima presha mara tatu, maana mara mbili za kwanza hakuiamini mashine yake. Akamtuma hospitali ya wilaya, na huko wakamwambia presha imekaa juu miaka mingi bila mwenyewe kujua, na moyo kwa kusukuma sana umetanuka na kuchoka. Akarudi na vidonge na masharti. Chumvi apunguze mpaka iwe kama haipo. Tumbaku aache. Dengelua aache. Nyama ya mafuta aache. Atembee kila siku, kidogo kidogo, bila mzigo, na akichoka apumzike. Naelijwa ndiye aliyenisimulia maswali aliyomwuliza yule tabibu.

"Na dozi yenyewe inakwisha lini?"

"Mzee, hii si malaria. Hii ni ya kila siku, kama kunawa uso."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayoacha kunawa uso."

Yonazi akavipokea vidonge.

Nilidhani ataanza kwa nguvu na kuacha kwa haraka, kama tunavyoanza wengi. Sikumjua. Ile chumvi ya mfukoni aliwalambisha mbuzi, akasimama kuwatazama mpaka wakaimaliza. Tumbaku ilimpiga vita. Alikuwa mkali kwa mwezi mzima, akagombana hata na kuku, na mara moja Naelijwa alimfuma nyuma ya banda akinusa mfuko mtupu. Hakuvuta. Makande alikula bila chumvi, analaani kila kijiko, anamaliza sahani. Kila asubuhi alitoka kwake akashuka hadi nyumba ya saba na kurudi. Baadaye hadi ya sita. Baadaye ya tano, akawa ananipungia mkono tu, anageuka.

Na kabla ya yote hayo alipita nyumba zote saba siku moja, akawaambia watu ukweli. "Mimi ni mgonjwa wa moyo. Zile salamu nilikuwa napumzika. Mkiona napita bila kusimama msinichukie, ni mazoezi." Walimpa pole. Lakini mazoea yana nguvu, na mwezi wa pili haukwisha kabla watu hawajaanza kusema kwamba Yonazi amekuwa na kiburi, anapita kama asiyetujua. Mama Elipokea alinung'unika zaidi ya wote. Mimi nilikuwa nikimwona anapita kimya, hatua zake sawasawa, nikafurahi moyoni. Kimya chake kilikuwa kinaniambia habari nzuri kuliko salamu zake zote.

Mwezi wa sita wa masharti alikwenda tena Ikongo, kupanga siku ya harusi. Akaletewa sahani ya mshenga, nyama inaelea mafuta. Ukumbi mzima ukamtazama. Yonazi akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini, akasema, "Mzee Kadeghe, nyama yako nimeipokea kwa mikono. Mdomo wangu uko chini ya masharti ya tabibu, nina ugonjwa wa moyo. Ukiona nimekataa nyama usidhani nimekataa binti." Hakuna mshenga aliyewahi kusema maneno hayo katika milima hii. Wajomba wa binti wakaanza kunong'ona. Kisha Kadeghe akaamuru sahani iondolewe, iletwe ndizi ya kuchoma. Walipotoka nje akamvuta Yonazi kando ya zizi, akamwuliza kwa sauti ndogo huyo tabibu yuko wapi, kwa sababu naye siku hizi akiinuka dunia inazunguka.

Harusi ikapangwa baada ya mavuno ya tangawizi. Kwetu mshenga aliyepeleka neno ndiye anayemleta bibi harusi. Hutangulia mbele yake kwa miguu, tangu kwao mpaka mlango wa mume. Yonazi akaniambia, "Nitapita msitu ule nikiwa mbele ya mkweo, na sitasimama kumwuliza mtu habari za mbuzi." Alikuwa anaitaka siku ile kuliko Sefue mwenyewe. Mwezi wa nane, nikiwa shambani, nikasikia mluzi kutoka njiani. Ulikuwa mfupi, ukakatika, ukarudi tena. Niliketi chini palepale nikalia, jembe mkononi, na ninyi msiniulize kwa nini.

Mwezi wa kumi mvua zilikuwa zimekwisha. Siku hiyo nilikuwa hapa nyumbani naanika tangawizi kwenye mikeka. Hewa ilikuwa imetulia, sauti zinapanda kutoka chini kama mtu yuko karibu. Nikasikia, huko chini kwa Mama Elipokea, "Hamjambo hapa? Habari za tangu juzi? Mzee wa nyumba? Watoto?"

Nikaacha kuanika. Ikapita kitambo. Nikaisikia tena, nyumba ya pili. Anauliza ng'ombe, anauliza mahindi, anauliza watoto mmoja mmoja kwa majina. Kitambo kingine, nyumba ya tatu. Mama Elipokea akaja mbio kwa njia ya mkato, uso unang'aa, kunipa habari. "Mama Sefue, Yonazi amepona. Amerudi kuwa mtu wa watu." Nilikuwa nasikiliza nyumba ya nne.

Akafika kwangu. Sikubandika chai. Nilimtolea kigoda, akaketi, na safari hii hakushika nguzo wala hakujificha. Miguu ilikuwa imevimba tena.

"Naona umesikia," akasema.

"Nimesikia tangu nyumba ya kwanza."

"Natoka kwa tabibu. Shemeji, chumvi sikugusa."

"Najua."

"Wala tumbaku. Vidonge sikuruka hata kimoja."

"Najua, shemeji."

"Basi usije ukafikiri masharti yale ni ya uongo." Akapumua kwanza. "Tabibu ananiambia moyo ulikwisha kuharibika kabla sijamfikia. Ningekwenda kwake siku nilipoanza kusimama nyumba moja. Mimi nimekwenda nikisimama saba."

Nilitaka kumwambia atapona, harusi iko karibu, asiseme hivyo. Lakini tulikwisha kuzika maneno ya namna hiyo kule msituni, na sikuona ni haki kuyafukua.

"Miaka ile mitano niliishi nimejificha," akasema. "Hii miezi kumi nimeishi wazi. Ni michache, ila ni yangu. Leo nimesimama kila nyumba kwa sababu mbili. Pumzi hamna, ni kweli. Na tena nilitaka kuwauliza watu habari zao na kuzisikia, maana zamani nilikuwa naziuliza nikiwa nasikiliza kifua changu."

Kisha akaniuliza zangu. Mbuzi, tangawizi, Sefue, paa linalovuja. Nikajibu moja moja. Mwisho akauliza, "Na wewe, shemeji, hujambo?"

"Sijambo," nikasema. Lilitoka lenyewe.

Akanitazama tu. Alinitazama kama nilivyomtazama mimi kule msituni. Nami nikayasema ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba nakunywa maji usiku, naamka mara nne, koo halishibi. Kwamba vidole vya miguu vimekufa ganzi na kidonda cha kisigino hakifungi mwezi wa tatu sasa. Kwamba ile chai ya vijiko vinne nilikuwa siinywi na wageni tu.

"Wewe unasimama nyumba ngapi?" akaniuliza.

"Labda tatu."

"Basi shuka kesho."

Nikamwahidi. Akainuka, akaenda nyumba ya sita, nikamsikia. Akaenda ya saba, nikamsikia. Baada ya hapo sikusikia kitu, kwa sababu huko alikuwa amefika kwake. Mzee Yonazi alifariki siku ya nne, ameketi, mkewe akiwa amemshika mkono. Harusi ilikuwa imebaki siku kumi na moja.

Na kesho yake mimi sikuwa nimeshuka. Niseme ukweli, maana ndio tunaouzungumza. Nilikuwa na tangawizi mikekani, nikasema nitashuka ikikauka.

Msibani watu walijaa mpaka mabondeni. Ikaja zamu ya wasifu, mwenyekiti wa kijiji akasimama, akamsifu kwa maneno mazuri. Akasema tumempoteza mtu wa watu, mtu wa salamu, ambaye miaka mitano yote hakupita mlango wa mtu bila kusimama kujua hali yake. Watu wakatikisa vichwa. Mama Elipokea akalia kwa sauti.

Naelijwa alikuwa ameketi nami mkeka mmoja. Tangu mumewe akate roho hakuwa amesema neno, siku mbili nzima. Akainua uso, akasema, wala hakupaza sauti, "Salamu ndefu, pumzi fupi."

Mwenyekiti akaketi.

"Nilimgombeza kwa kuchelewa," Naelijwa akasema. "Niliona anawapenda ninyi kuliko mimi. Kumbe alikuwa anatafuta hewa milangoni mwenu. Miaka mitano hakuniambia. Na ninyi mlimwona ameshika nguzo, mkamletea kigoda, mkamletea chai, hakuna aliyemwuliza nguzo ameishikia nini. Hata mimi sikumwuliza. Mkirudi makwenu, mtu asiniambie hajambo kama hajajiuliza mwenyewe kwanza."

Watu walitazama chini. Mimi sikuweza kuinua kichwa, kwa sababu chai ile ilikuwa yangu.

Asubuhi iliyofuata nilishuka zahanati, tangawizi nikaiacha na umande. Nilikuta watu tisa kwenye benchi. Mwenyekiti alikuwapo. Mzee Kadeghe alikuwapo, ametoka Ikongo alfajiri. Hakuna aliyemsalimia mwenzake kwa maneno mengi. Tabibu akaniambia ni sukari, na kwamba kidonda kile kingengoja kidogo tu, mguu ungeondoka. Tangu siku ile ndivyo ninavyoishi, chai kavu, vidonge, kutembea hadi chemchemi na kurudi kila asubuhi, mvua au jua, na kuikagua miguu yangu kila jioni. Ni miaka ishirini na sita. Kuna siku nachoka nayo. Nanawa uso, naendelea. Nanyi mnajua kwamba nikiulizwa hujambo huwa nanyamaza kidogo kabla ya kujibu, na wageni hudhani nimekuwa kiziwi.

Harusi ilisogezwa mwezi mmoja. Watu walitaka nitafute mshenga mwingine wa kumleta bibi harusi. Nilikataa, na Kadeghe akakataa. Mama yenu aliteremka msitu ule na wenzake wakiwa nyuma, na mbele yake hapakuwa na mtu. Waliacha nafasi ya mtu mmoja tangu Ikongo mpaka mlango huu. Alipita nyumba ya saba, akapita ya sita, wenye nyumba wamesimama barazani, na hakuna aliyetoa salamu. Walikuwa wanaitazama ile nafasi.

Salamu ndefu, pumzi fupi.